Mlinzi wa Zamani Atoke Kwanza

Akina mama, mwezi huu tuweke kando sufuria na cherehani, tuzungumze juu ya kompyuta. Huenda wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya akina baba na vijana. Zamani labda. Siku hizi, hapa Kilosa na kule Mikumi, mara nyingi ni mama anayefungua steshenari asubuhi, akatoa fotokopi na kuwajazia watoto wa jirani maombi ya mkopo wa chuo. Mweka hazina wa kikundi ni mama. Na nyumbani mtoto akikwama, hamwiti mtu mwingine: "Mama, mbona hii kompyuta haifunguki?"

Swali tunalotaka kulijibu ni hili. Kompyuta ina programu ya kuzuia virusi, ile ambayo vijana huiita antivairasi. Muda wake umekwisha, au haituridhishi tena. Tumepata nyingine. Je, tuiweke tu ile mpya juu ya ya zamani? Jibu letu ni fupi: hapana. Ya zamani itoke kwanza, itoke yote hata mabaki yake, ndipo mpya iingie. Lakini jibu fupi halimsaidii mama aliyekaa mbele ya mashine isiyomsikiliza, kwa hiyo tulieleze.

Kwanza maneno. Kompyuta wengine huiita tarakilishi, na walimu wetu wa zamani waliwahi kutufundisha kuiita ngamizi. Sisi tutasema kompyuta, maana hata fundi husema hivyo. Neno virusi nalo huwashtua wengi wetu, kwa sababu katika miaka ya 1990 lilipotajwa katika kurasa kama hizi lilikuwa na maana moja tu, na ilikuwa maana ya msiba. Kirusi cha kompyuta hakimwambukizi mtu. Ni programu iliyoandikwa na binadamu ili ijiingize ndani ya mashine bila ruhusa, ijizidishe na kuhamia nyingine. Kimoja cha kwanza kuenea duniani kwenye kompyuta ndogo kiliitwa Brain. Kiliandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili huko Lahore, Pakistan, na kilisafiri kwa diski laini kutoka mkono hadi mkono. Kwetu diski laini zimekwisha, ila mkono hadi mkono ungalipo: ni flashi. Mwanafunzi anachomeka flashi steshenari kuchapisha kazi yake, anaondoka nayo hadi shuleni, kesho inarudi na mgeni. Mama mwenye duka anafungua folda anakuta mafaili yote yamegeuka vifupisho visivyofunguka. Yeyote aliyefanya kazi ya steshenari anayajua hayo.

Sasa tueleze kwa nini jambo hili linatugusa sisi. Waliokuwapo Kilosa wakati wa mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 hawajayasahau. Tuta la mto Mkondoa lilibomoka, maji yakaingia majumbani, maelfu ya watu wakabaki bila makazi, na reli ya kati ikakatika. Daftari likilowa maji ya tope halisomeki tena. Ndiyo maana katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho kina wanachama wa Kilosa mjini na wengine wa Mikumi, tuliamua hesabu ziwe ndani ya kompyuta. Ni kompyuta mpakato moja tu. Mwezi huu inakaa kwa katibu Kilosa, mwezi ujao inafungwa ndani ya khanga na kupanda gari kwenda Mikumi, ikipitia Ulaya. (Ulaya yetu, kata ya hapa wilayani, si ile ya wazungu. Wageni hucheka kila tunapoitaja.)

Mashine hiyo ni ya mtumba, ilinunuliwa Kariakoo ikaja kwa treni. Ndani yake ilikuwamo antivairasi ya mwenyewe wa kwanza, ambayo muda wake ulikwisha siku nyingi. Aliyetuuzia, ambaye hatumtaji, alitaka kutufurahisha, akaweka nyingine juu yake bila kuondoa ile ya kwanza. Alisema sasa tuna ulinzi mara mbili. Kumbe ilikuwa kinyume. Kompyuta ilichukua muda wa kuchemsha chai hadi kufunguka. Feni ilivuma kama mashine ya kusaga. Kila katibu alipohifadhi kitabu cha michango, iliandika kwamba faili linatumiwa na programu nyingine. Siku ya mgao wa mwisho wa mwaka, akina mama wamekaa chini ya mwembe wanasubiri fedha zao, na hesabu hazifunguki! Kikundi huvunjika kwa mambo madogo kuliko hilo. Mwenye hisa akiona mweka hazina anahangaika na mashine, haongei juu ya programu. Ananong'ona juu ya fedha.

Kwa nini walinzi wawili wawe wabaya kuliko mmoja? Hebu fikiri nyumba yenye askari wawili wa usiku wasiofahamiana, walioajiriwa na watu tofauti. Kila mmoja ameambiwa amkamate yeyote anayezungukazunguka uani gizani akiwa na rungu. Watakamatana wao kwa wao hadi alfajiri, na mwizi atapita nyuma. Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Antivairasi haikai juu juu kama programu ya kuandikia barua. Inajipenyeza hadi kwenye kiini cha mfumo, pale ambapo kila faili linapofunguliwa ni lazima lipite. Ukiwa na mbili, kila faili husimamishwa mara mbili. Hii inalifungua ili ilikague, ile inaona faili limeguswa, nayo inalifungua. Tena ndani ya antivairasi kuna vielelezo vya virusi, na mara nyingine kuna virusi vilivyofungiwa karantini. Mwenzake akiviona hupiga kelele kwamba amekuta adui. Kumbukumbu ya mashine inaliwa, na pengine yote inaganda.

Hilo la walinzi wawili ni rahisi kulitambua, kwa sababu mashine inalalamika. Linalotutisha zaidi ni la kimya, nalo ni mlinzi aliyekufa langoni.

Kompyuta zenye Windows 10 na Windows 11 zina mlinzi wake wa kuzaliwa nao, aitwaye Microsoft Defender. Hana malipo. Ana adabu moja ambayo ni nzuri na ni ya hatari pia: akiona antivairasi nyingine imejiandikisha kwenye mfumo kwamba ndiyo yenye zamu, yeye hujizima na kukaa pembeni. Ile nyingine ikiondolewa vizuri, huamka mwenyewe. Lakini ikiondolewa vibaya, kwa mfano mtu amefuta folda yake tu, au umeme umekatika katikati ya kazi, jina lake linaweza kubaki limeandikwa kwenye daftari la zamu. Defender anasoma jina hilo, anaamini lango lina mtu, naye anaendelea kulala. Mpya nayo ukijaribu kuiweka, nyingi hukataa zikisema kuna mwenzangu humu. Basi mama anafanya kazi akijua ana ulinzi, kumbe hakuna hata mmoja aliye macho. Kwenye kompyuta ya kikundi chetu ndivyo ilivyokuwa siku tulipofungua ukurasa wa usalama: ya kwanza imekwisha muda, ya pili haijakamilika, na Defender amezimwa. Walinzi watatu kwa majina, na lango wazi.

Lango wazi lina gharama gani? Mwezi Mei mwaka 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea kwa siku chache katika nchi zaidi ya 150. Kilikuwa kinafunga mafaili yote ya mtu kwa ufunguo wa siri, kisha kinadai dola 300 ili yafunguliwe. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Aina hiyo ya wizi haijaisha, na haichagui kubwa wala ndogo. Picha za harusi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto mlivyovipiga skani, orodha ya wanachama na namba zao za simu, vyote kwake ni sawa. Na mama wa steshenari akumbuke kwamba nakala za vitambulisho vya wateja zilizobaki kwenye mashine yake si mali yake. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nchini, na anayehifadhi taarifa za watu anapaswa kuzilinda.

Tusidhani pia kwamba mlinzi hawezi kudhuru. Kwa kuwa anakaa karibu na moyo wa mashine, akikosea, mashine yote huanguka. Mwezi Aprili 2010 McAfee walituma masasisho yaliyolidhania faili muhimu la Windows XP kuwa kirusi, na kompyuta nyingi duniani zikawa zinazima na kuwaka bila kukoma. Tarehe 19 Julai 2024 ilikuwa zamu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta za mashirika. Faili moja lenye kasoro liliangusha mashine kama milioni 8.5. Ndege hazikuruka, hospitali na benki zikasimama. Mafundi ilibidi waende kwenye mashine moja moja, waiwashe katika hali salama, wafute faili lile kwa mkono. Tunayataja haya ili tuone kwamba kumtoa mlinzi wa namna hii si sawa na kufuta mchezo wa mtoto.

Basi tufanyeje? Tutaeleza kama tulivyofanya.

Kabla ya kugusa chochote, tulinakili hesabu na nyaraka zetu kwenye flashi mbili mpya. Moja ilibaki Kilosa, nyingine ikaenda Mikumi. Mto ukifurika upande mmoja, upande wa pili una nakala. Hili lifanyeni hata kama hamna mpango wa kubadili antivairasi.

Kisha tuliangalia kama ile ya zamani ina kitu chetu ndani yake. Siku hizi antivairasi huuzwa pamoja na vikorombwezo vingi: kitunza nywila, VPN, kiambatisho cha kivinjari, kisafisha mashine. Kama mmeweka nywila zenu za barua pepe ndani ya kitunza nywila chake, zitoeni kwanza mziandike mahali salama, la sivyo zitaondoka nacho. Tazameni pia karantini yake. Ikiwa kuna faili la kazi limefungiwa humo, msilifungulie kwa haraka. Aghalabu lilifungiwa kwa sababu.

Jambo la tatu ni bando. Antivairasi kamili inaweza kuwa na mamia ya megabaiti, na sisi tunaotumia intaneti ya simu tunajua maana yake. Pakueni ile mpya mapema, tena chagueni faili kamili lisilohitaji mtandao wakati wa kuliweka, kama mtengenezaji analo. Wakati huo huo pakueni kifaa cha kuondolea ile ya zamani. Watu wengi hawajui kwamba watengenezaji wakubwa wanavyo vifaa hivyo na hutoa bure: Norton, McAfee, Kaspersky, ESET, Avast na AVG, kila mmoja ana chake, na kwa kawaida cha mmoja hakimtoi mwingine. Hata Avast na AVG, ambazo zimekuwa chini ya mwenye mali mmoja tangu mwaka 2016, kila moja ina kifaa chake. Kichukueni kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Ukitafuta ovyo, matangazo ya juu yanaweza kukuletea kifaa cha bandia chenye kirusi ndani yake, na hapo mgonjwa atakuwa amekwenda kwa mchawi.

Sasa kuondoa kwenyewe. Hakikisheni betri imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme wetu mnaujua. Zimeni intaneti. Fungueni 'Settings', kisha 'Apps', tafuteni jina la antivairasi ya zamani kwenye orodha, mbonyeze 'Uninstall'. Ikiuliza kama mnataka ibakize mipangilio yake kwa siku zijazo, kataeni. Ondoeni na vikorombwezo vyake vyote, kwa sababu mara nyingi kila kimoja kimeandikwa peke yake kwenye orodha. Kufuta alama iliyo kwenye uso wa kompyuta hakuondoi kitu. Kufuta folda yake kwa mkono ni kubaya zaidi, maana ndiko kunakoacha yule maiti langoni.

Baada ya hapo chagueni 'Restart'. Msichague 'Shut down'. Linaonekana jambo dogo, lakini Windows za sasa ukizizima kwa kawaida mara nyingi hazizimiki kabisa. Huhifadhi kiini cha mfumo usingizini ili zifunguke haraka kesho, na mabaki ya mlinzi wa zamani hubaki humo. 'Restart' ndiyo inayosafisha yote.

Mashine ikiwaka, endesheni kile kifaa cha mtengenezaji. Vingine, kama vya Avast na ESET, hufanya kazi katika hali salama, yaani mashine inapowaka na vitu vichache tu vya lazima. Huko mtafika kwa kubana kitufe cha 'Shift' huku mkibonyeza 'Restart'. Angalieni kitu kimoja: huko namba fupi ya siri mnayofungulia kila siku inaweza isikubalike, mkaombwa nywila yenyewe. Ikiwa nywila anaijua mtoto aliyeko shule ya bweni, mpigieni simu kwanza.

Halafu wakeni upya kwa kawaida, mfungue 'Windows Security', na ndani yake 'Virus & threat protection'. Hapa ndipo penye ushahidi, na hatua hii wengi huiruka. Mkiona Microsoft Defender ndiye aliye kazini, kazi imekwisha vizuri. Mkiona jina la ile ya zamani bado limo, haijatoka, hata kama kwenye orodha ya programu haionekani tena. Rudieni kile kifaa. Sisi ilibidi tuendeshe viwili, maana wazamani walikuwa wawili, na wa kwanza aligoma hadi tulipoingia hali salama. Kazi yote ilichukua mchana mmoja. Ugali ulipikwa na wengine siku hiyo.

Msije mkaogopa kwamba katikati ya kumtoa wa zamani na kumwingiza mpya mko uchi. Kama wa zamani ametoka vizuri, Defender ameshaamka. Ndipo muweke mpya, muwake upya tena, mfungue intaneti, mwache ijisasishe, kisha mwamuru ukaguzi wa mashine nzima. Kwenye kompyuta kuukuu ukaguzi huo unaweza kula saa kadhaa. Anzisheni jioni, mkalale.

Kuna kikwazo kimoja cha kompyuta za mtumba ambacho yafaa mkijue kabla hamjalipa. Nyingi zilikuwa za makampuni huko zilikotoka, na antivairasi ya kampuni huwekewa nywila ili mfanyakazi asiitoe. Ukibonyeza kuondoa, inadai nywila ambayo iko kwa mtu fulani Ulaya ile nyingine. Hapo msipoteze usiku. Nakilini mafaili yenu, mwambieni fundi afute diski yote na kuweka Windows upya. Ni njia safi kuliko zote, na kwa kweli kwa mashine yoyote ya mtumba sisi tungeanza nayo tangu siku ya kwanza.

Tukimtaja fundi: vijana wetu wa Kilosa na Mikumi wana ujuzi na heshima, lakini wana haraka. Atakuja, "Shikamoo mama," ataitazama mashine, atasema, "Hii tunabandika mpya juu yake, dakika kumi tu." Mwambie, "Marahaba mwanangu. Toa kwanza ile ya zamani, halafu nionyeshe ukurasa wa usalama kabla hujaweka hii." Ukimwambia hivyo atajua anaongea na mtu anayejua. Na antivairasi aliyo nayo kwenye flashi yake, "iliyovunjwa" ili isidai malipo, ikataeni. Aliyevunja kufuli ya mlinzi anaweza kuwa amemwekea mlinzi huyo mabwana wawili. Watoto nao wana mchezo huu: wanapakua gemu la kuvunja, maelekezo yanawaambia wazime antivairasi kwanza, nao wanatii. Mtoto asiyekubali kumfungulia mgeni mlango usiku, hapo anamfungulia. Kaeni naye mmweleze.

Je, ni lazima kununua? Hapa tutasema tunavyoona sisi. Kwa nyumba ya kawaida yenye Windows 10 au 11, Defender anatosha, mradi mashine inasasishwa na watu wake hawabonyezi kila wanachotumiwa. Zamani hakuwa hodari. Miaka mingi sasa ni mwenzao. Fedha ya antivairasi ya mwaka mzima inaweza kununua diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na ukituuliza, diski ndiyo tutakayochagua. Steshenari yenye flashi za kila namna pengine ni habari nyingine, na mwenye duka ana haki ya kutaka zaidi. Ila mwenye Windows 10 aelewe kwamba tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wameacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya mfumo huo. Antivairasi hulinda mlango. Haizibi ufa wa ukuta. WannaCry kilipita kwenye ufa, na nyingi ya kompyuta zilizoathirika ni zile ambazo kiraka chake kilikuwapo tangu Machi mwaka ule bila kuwekwa.

Na mkibadilisha, badilisheni kwa hiari yenu. Mwezi Septemba 2024 wateja wa Kaspersky huko Marekani, baada ya serikali yao kuipiga marufuku programu hiyo, waliamka wakakuta imejiondoa yenyewe kwenye kompyuta zao na nyingine iitwayo UltraAV imewekwa mahali pake. Wengine walidhani wameingiliwa na kirusi. Kampuni ilisema ilitaka wasikae bila ulinzi. Huenda. Lakini mama akirudi kutoka sokoni akakuta mlinzi mwingine asiyemjua amekalia kiti langoni, hata kama ni mtu mwema, ana haki ya kuuliza nani kamleta.

Limebaki la fedha. Kuiondoa programu kwenye mashine hakuondoi mkataba wake. Nyingi huuzwa kwa malipo yanayojirudia kila mwaka, na kadi mliyolipia, iwe ya benki au ile ya mtandaoni inayotolewa kwa simu, itaendelea kukatwa. Mwaka wa kwanza bei ni ya kuvutia, wa pili inapanda. Ingieni kwenye akaunti yenu kwa mtengenezaji, zimeni kujirudia kwa malipo, mhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Na baada ya hapo, ikija barua pepe inayosema antivairasi yenu imelipiwa upya kwa mamia ya dola na mpige simu namba fulani ili mrudishiwe, msipige. Ni mtego wa siku nyingi, na hutumwa hata kwa ambao hawajawahi kununua antivairasi yoyote.

Kikundi chetu sasa kina karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuko wa kompyuta. Imeandikwa jina la mlinzi aliye kazini, tarehe aliyowekwa, tarehe ambayo flashi mbili zilinakiliwa mara ya mwisho, na nani anazo. Katibu wa Kilosa anatia sahihi mashine inapoondoka, wa Mikumi anatia inapofika.